Mafuta ya kuchelewa



Sisi tunaokaa Chang'ombe hapa Dodoma tumezoea ndege. Uwanja uko humu humu mjini, na ikitokea ndege imepita wakati wa ibada, mhubiri hunyamaza kidogo, ngurumo ikiisha anaendelea pale alipoachia. Baada ya ibada moja ya namna hiyo, kijana wa darasa la kipaimara alinisubiri mlangoni akaniuliza: "Mzee, ndege ikiishiwa mafuta huko juu inakuwaje?" Nikamjibu haraka haraka, kama watu wazima tunavyowajibu watoto tukiwa na njaa, kwamba haiwezi kuishiwa, wataalamu wanapima. Akaridhika, akaenda zake. Mimi ndiye sikuridhika, kwa sababu nilijua kuwa nilichomwambia si kweli.

Wenye umri wangu wanaikumbuka tarehe 23 Novemba 1996. Ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 767, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikiwa na watu 175. Haikufika. Vijana watatu waliiteka muda mfupi baada ya kuruka, wakamwamuru rubani, Kapteni Leul Abate, awapeleke Australia. Rubani akawaambia ukweli: mafuta yaliyomo ni kama robo tu ya yanayohitajika kufika huko. Hawakumwamini. Unajua kwa nini? Walikuwa wamesoma katika jarida la shirika hilo, lile linalowekwa kwenye mfuko wa kiti, kwamba ndege ya aina ile inaweza kukaa angani saa 11.

Rubani akafuata pwani yetu kuelekea kusini, akitumaini kwamba mambo yakiharibika nchi kavu iwe karibu. Watekaji walipogundua wakamwamuru ageuze kuelekea baharini. Akageuza, lakini kwa siri akaelekeza visiwa vya Komoro. Baada ya saa kama nne angani injini moja ikazimika, kisha ya pili. Kapteni alitaka kushuka kwenye uwanja wa ndege wa Ngazija, lakini vurugu ndani ya chumba cha marubani zikamfanya aukose. Akaishusha ndege baharini, karibu na ufukwe wa hoteli ya Galawa, kiasi cha mita 500 tu kutoka nchi kavu. Wenyeji na watalii, wakiwamo madaktari wa Kifaransa waliokuwa mapumzikoni, wakakimbilia majini kuokoa watu. Walipona 50. Walikufa 125, na mmoja wao alikuwa Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyekulia Dar es Salaam, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu.

Mpendwa, lile jarida halikusema uongo. Ndege ya namna ile, ikijazwa tangi, inaweza kwenda mbali sana. Lakini jarida lilieleza uwezo wa ndege. Rubani alikuwa anaeleza kilichomo tangini siku ile. Wale vijana wakaliamini jarida wakamkataa aliyekuwa anautazama mshale.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na nakiri kwamba mimi pia ni msomaji wa majarida. Nikiulizwa habari za imani yangu naanza na mwaka niliookoka. Nasema babu yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba matofali ya kanisa letu la kwanza kijijini. Nasema nimekuwa mzee wa kanisa vipindi vitatu. Yote ni kweli, na yote ni jarida. Yanaeleza Mkristo wa namna yangu anaweza kwenda umbali gani akiwa amejaa. Hayasemi chochote kuhusu kilichomo leo, Jumapili hii, baada ya wiki nzima ambayo pengine sikupiga goti hata mara moja isipokuwa kutafuta kiatu chini ya kitanda.

Wale watekaji, utasema, walikuwa wahalifu, na hatuna la kujifananisha nao. Basi tuchukue watu wema.

Tarehe 28 Novemba 2016, wachezaji wa timu ya mpira ya Chapecoense ya Brazil walikuwa wanakwenda Medellín, Kolombia, kucheza fainali kubwa kuliko zote katika historia ya klabu yao. Ndege yao ya kukodi iliondoka Santa Cruz, Bolivia. Katika karatasi za safari, muda wa kuwa angani uliandikwa saa nne na dakika 22. Muda ambao mafuta yangetosha uliandikwa saa nne na dakika 22. Angalia tena hizo namba. Afisa mmoja wa uwanja alieleza baadaye kwamba jambo hilo lilimshtua na alihoji, lakini ndege ikaruka. Rubani alikuwa pia mmoja wa wamiliki wa kampuni ile, na hakutua njiani kuongeza mafuta. Walipokaribia Medellín wakakuta ndege nyingine yenye matatizo inapewa nafasi ya kutua kwanza. Wakaambiwa wasubiri, na cha kusubiria hakikuwemo. Ndege ikaanguka mlimani, umbali mfupi tu kutoka uwanjani. Katika watu 77 wakapona sita.

Sheria za usafiri wa anga zinadai mafuta ya safari yenyewe, na juu yake mafuta ya kufika uwanja mwingine endapo ule wa kwanza haufai, na juu yake tena, kwa ndege za jeti, akiba ya dakika 30 za kuzunguka angani. Kila rubani anaijua hesabu hiyo. Hapa Dodoma, ambako ndege ndogo za kimisheni za MAF zimehudumia watu kwa miaka mingi, pengine umewahi kumwona rubani wa ndege ndogo akipanda juu ya bawa, akafungua tangi na kuchovya kijiti cha kupimia, ingawa mshale ndani unaonyesha mafuta yapo. Anataka akione kijiti kimelowa hadi wapi.

Mwaka 1983 huko Kanada ndege kubwa iliruka ikiwa na nusu tu ya mafuta yaliyotakiwa, kwa sababu vipimo vya ndani vilikuwa havifanyi kazi na watu wakachanganya kilo na ratili katika hesabu zao. Injini zilizimika zote. Rubani wake alikuwa pia na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, akaiteleza hadi uwanja wa zamani wa jeshi mahali paitwapo Gimli, wote 69 wakashuka hai. Nalisimulia hili ili nisije nikaonekana nasema Mungu haokoi aliyekosea. Anaokoa. Lakini sijasikia shirika lolote lililoamua kwamba, kwa kuwa pale Gimli walipona, basi sasa tuwe tunajaza nusu.

Sasa fungua Mathayo 25, aya ya 1 hadi ya 13. Ni habari ya wanawali kumi na taa zao, unaijua tangu Shule ya Jumapili, na hatari ya kujua kitu tangu Shule ya Jumapili ni kwamba hatukisomi tena.

Isome polepole leo. Wote kumi walikuwa na taa. Wote walitoka kwenda kumlaki bwana arusi. Wote kumi walisinzia wakalala, wenye busara na wapumbavu, kwa hiyo usingizi haukuwa kosa. Na taa za wale watano hazikuwa kavu tangu mwanzo. Wanalalamika kwamba zinazimika, na kinachozimika ni kile kilichokuwa kinawaka. Walikuwa na mafuta ya kutosha safari kama walivyoipanga. Angekuja saa waliyomtarajia, wangeingia arusini kama wengine, na hakuna ambaye angewahi kujua tofauti kati ya watano hawa na watano wale.

Tofauti ilifichuliwa na jambo moja: bwana arusi alichelewa. Vile vyombo vya ziada ambavyo wenye busara walivibeba, vizito, vyenye kuchafua nguo za sherehe, vilikuwa mafuta ya kuchelewa.

Zamani kifungu hiki kilikuwa kinanikera mahali pamoja. Kwa nini wale wenye busara hawakugawa? Sisi tumelelewa kukopeshana chumvi na moto, na hapa Wakristo wa mfano wananyima wenzao mafuta usiku wa manane! Nimekuja kuelewa taratibu, na sikuelewa kwenye maktaba. Kuna vitu havigawiki saa ile. Ukiwa umekaa kitandani hospitali, mke wako anaweza kukushika mkono, mchungaji anaweza kukuombea, jumuiya inaweza kuleta uji. Lakini miaka ambayo hukuzungumza na Mungu, hakuna wa kukumiminia kutoka kwenye chupa yake. Ni jibu gumu, na sidhani Bwana alikusudia liwe laini.

Wapendwa wengi ninaowafahamu hawakuanguka katika dhambi ya kishindo. Walichelewa kujibiwa. Dada aliyeombea ndoa akiwa na miaka 25 na sasa ana 41. Baba aliyeahidiwa mafao yake yatatoka mwezi ujao, na miezi ijayo ikawa mingi. Mama wa kijana mlevi. Kila mmoja aliondoka nyumbani na mafuta ya safari, hesabu yake ilikuwa sawa kwa namna alivyoijua njia. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kufika mpaka anaziona taa za uwanja, kisha akaambiwa zunguka kwanza.

Na hapa ndipo penye uzito wa leo, kwa sababu mara nyingi anayezunguka anajua kwamba anaishiwa, na hasemi. Au anasema, lakini si kwa neno linalosikika.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca la Kolombia ilikuwa inakwenda New York na watu 158. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege zilikuwa nyingi, ikazungushwa angani mara tatu, jumla dakika 77. Marubani waliona mafuta yanakwisha. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa anazungumza na waongozaji wa ndege kwa Kiingereza, aliomba wapewe kipaumbele. Baadaye, walipojaribu kutua wakashindwa, alisema kwamba wanaishiwa mafuta, akalisema kwa upole, mwishoni mwa sentensi nyingine, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kapteni alimwambia atangaze dharura. Akamjibu kwamba amekwisha kuwaambia. Lakini neno lenyewe, dharura, halikutoka kinywani mwake hata mara moja, na kwa waongozaji wa ndege ni neno hilo linalofungua njia mbele ya ndege zote. Wakampeleka azunguke tena. Injini zikazimika, ndege ikaangukia kilimani kwenye kijiji kiitwacho Cove Neck. Walikufa 73. Ndege haikuwaka moto. Hakukuwa na kitu cha kuungua.

Kila ninapoikumbuka habari hii namwona yule rubani msaidizi kama Mtanzania. Nisamehe, lakini ni kweli. Nani kati yetu angepaza sauti? Sisi tumefundwa kwamba mtu mwenye adabu hasumbui wakubwa. Angalia salamu zetu. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Kisha, baada ya kimya: "Nzuri, ila mama alifariki juzi." Lazima iwe nzuri kwanza! Huku kwetu Ugogoni ukishapokea "mbukwa" yako utaulizwa watoto, ng'ombe, mvua, na vyote utajibu ni vizima, hata kama zizi limebaki na fito tupu.

Kanisani ndipo tumekuwa mabingwa. Mhazini anasimama kwenye kikao anasema, "Wapendwa, hali ya mfuko si mbaya sana, ila tuendelee kuomba," na maana yake ni kwamba mwinjilisti hajalipwa miezi mitatu na watoto wake wanalala na chai. Mke anamwambia mumewe, "Nimechoka kidogo." Mwanakwaya kijana anasimama kwenye ushuhuda anasema anamshukuru Mungu kwa yote, na kesho yake tunaambiwa amekunywa sumu. Tunashangaa, tunasema, mbona hakusema? Alisema. Alisema kwa Kiswahili cha heshima, na sisi tulikuwa tunaongoza ndege nyingine.

Daudi hakuwa na adabu ya namna hiyo mbele za Mungu. Soma Zaburi ya 69, anaanza kwa kulia kwamba maji yamemfika nafsini, hana pa kukanyagia, hana salamu wala utangulizi. Bartimayo kando ya barabara ya Yeriko alinyamazishwa na watu wenye staha, akazidi kupaza sauti, na Marko 10 inasema Yesu alisimama. Petro juu ya maji hakusema kwamba hali si mbaya sana.

Nimesema sikujifunzia haya kwenye maktaba. Miaka kadhaa iliyopita mama yangu alipatwa na ugonjwa ghafla akiwa kwa dada yangu Kondoa. Ilikuwa jioni, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Mzee mwenzangu wa kanisa kutoka huku Chang'ombe alikuwa Kondoa siku hiyo na gari lake aina ya Noah. Hakuombwa. Alisikia, akaja, akasema mpakieni mama tumwahishe Dodoma. Nilikaa mbele pamoja naye. Kabla hatujatoka mjini niliuona mshale wa mafuta umelala chini kabisa. Tukakipita kituo cha mafuta, taa zake zinawaka. Nikafungua kinywa. Nikafikiri: huyu ni mkubwa wangu kwa miaka kumi, anatusaidia bure, gari ni lake na analijua. Nikafunga kinywa, nikaanza kuimba pambio kwa sauti ya chini.

Gari lilizima baada ya Mayamaya, gizani. Lori la kwanza lilisimama, dereva alikuwa mtu mwema kabisa, lakini lake lilitumia dizeli. Hatimaye kijana wa bodaboda akaenda akarudi na petroli kwenye chupa za maji ya kunywa. Zilikuwa zimepita saa mbili na zaidi. Hospitali daktari aliuliza swali moja mara tatu: ilianza saa ngapi? Mama aliishi miaka minne baada ya hapo. Mkono wake wa kushoto haukurudi. Kama zile saa mbili ndizo zilizouchukua, hilo analijua Mungu, mimi nimeacha kumuuliza.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule mzee moyoni. Tulishiriki meza moja ya Bwana nikiwa namlaumu. Baada ya kumzika mama, ndipo nilipokwenda kwake jioni moja, tukakaa nje kwenye viti vya plastiki, nikamwambia nilichopaswa kumwambia mapema: kwamba usiku ule niliuona mshale tangu Kondoa, na nikanyamaza.

Akatazama chini muda mrefu.

"Hata mimi niliuona," akasema. "Sikuwa na hela ya mafuta, ndugu yangu. Mfukoni nilikuwa na elfu mbili. Niliona aibu kuwaomba na nyie mna mgonjwa. Pale kwenye kituo nilipunguza mwendo, nikasema labda mmoja wao atasema tuweke mafuta."

Nikakumbuka kwamba kweli alipunguza mwendo. Na nikakumbuka bahasha iliyokuwa kwenye mfuko wa shati langu usiku ule, michango ya ndugu, shilingi laki moja na themanini elfu.